Sanduku la Nyaya: Miaka Mia ya Kumfundisha Mtoto Umeme kwa Mikono Yake

Fundi redio hapotezi muda kuwaza namna ya kuunganisha waya na waya. Anapasha kichomeo chake, anakigusisha kwenye risasi, risasi inayeyuka ikifika nyuzijoto 185 hivi, moshi mwembamba unapanda, na kiungo kimekaza. Mtoto wa miaka minane hakabidhiwi chuma cha moto namna hiyo. Na hata akikabidhiwa, kiungo kilichochomewa hakifunguki kirahisi, ilhali anayejifunza anahitaji kufunga, kukosea, kufungua na kufunga upya mara nyingi kwa jioni moja. Kwa karne nzima watengenezaji wa masanduku ya kufundishia watoto umeme wamehangaika na jambo hili linaloonekana dogo: nyaya mbili zikutane vipi bila moto? Kila jibu walilolipata limeamua mtoto ataona nini na atafichwa nini.

Mwaka 1922 majibu mawili yalitoka karibu kwa pamoja, moja Marekani na jingine Ujerumani.

Marekani ilikuwa imeshikwa na homa ya redio. Kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilikuwa kimetangaza matokeo ya uchaguzi wa rais usiku wa tarehe 2 Novemba 1920, na tangu hapo vijana wengi walitamani kusikiliza, ila redio za dukani zilikuwa ghali. Ofisi ya serikali inayosimamia vipimo na viwango ikachapisha Waraka Namba 120, kijitabu cha kuwaelekeza watu wajitengenezee redio nyumbani. Mahitaji yake yalikuwa machache: boksi la mviringo la karatasi ngumu, waya wa shaba wa kuzungushia juu yake, ubao, kisikizio cha masikioni, na kijipande cha galena, madini ya risasi yanayometameta. Betri haikuhitajika. Nguvu yote iliyofika sikioni ilitoka kwenye mawimbi yenyewe, yaliyonaswa na waya mrefu uliotundikwa nje.

Siri ilikuwa pale ambapo ncha ya waya mwembamba iligusa jiwe. Mguso ule uliruhusu umeme upite upande mmoja tu, na bila hilo sauti isingesikika. Jagadish Chandra Bose, mwanasayansi wa Kolkata, alikuwa amepata hataza ya Marekani kwa kifaa cha galena tangu mwaka 1904. Lakini si kila mahali juu ya jiwe palifaa. Mtoto aliinua ncha, akaishusha, akaiinua tena, akaishusha, huku ametega sikio, mpaka ghafla sauti ya mtu itoke. Mlango ukibamizwa, sauti ilipotea na msako ukaanza upya. Kwa vipimo vya fundi hicho kilikuwa kiungo kibovu. Hata hivyo kilifundisha jambo ambalo viungo imara vya baadaye havikulifundisha: vitu viwili vinaweza kuonekana vimegusana na bado umeme usipite, na anayetaka upite lazima atafute.

Jibu la Ujerumani lilitokana na kazi ya mwalimu. Wilhelm Fröhlich alikuwa mwalimu wa shule kutoka Uswisi aliyebuni vifaa vya majaribio vya kutumiwa na wanafunzi wenyewe. Kampuni ya Franckh ya Stuttgart, wachapaji wa vitabu waliokuwa pia na jarida la sayansi liitwalo Kosmos, ilianza mwaka 1922 kuuza sanduku lake la umeme. Kwamba wauzaji walikuwa wachapaji kulionekana katika kila kona ya bidhaa ile. Kitabu ndicho kilichoongoza, na vifaa vilikifuata. Jaribio la kwanza liliandaa la pili, la pili likaandaa la tatu, na mtoto aliyeruka kurasa alijikuta amekwama.

Kilele cha kazi ya Fröhlich kilikuja mwaka 1934, kwa sanduku lililoitwa Radiomann. Redio za siku zile zilitumia vali za kioo, na vali za kawaida zilidai betri ya makumi ya volti, kiasi cha kumrusha mtu mzima. Sanduku la Fröhlich lilitumia vali yenye gridi mbili, iliyoridhika na volti chache zilizopatikana kwa kuunganisha betri za tochi. Uchaguzi huo mmoja ulibadilisha kila kitu. Mtoto aliweza kugusa waya wowote mezani bila kuumia, kuufungua kwenye kibanio chake na kuuhamishia kwingine redio ikiwa inanguruma.

Ikumbukwe mwaka wenyewe. Agosti 1933 serikali ya Wanazi ilikuwa imezindua redio ya bei nafuu ya marki 76, ili hotuba za watawala ziingie katika kila nyumba. Redio ile ilikuja imefungwa ndani ya kasha lake, kazi ya mwenye nyumba ikiwa ni kuwasha na kusikiliza. Radiomann ilikuwa wazi tangu mwanzo, kila sehemu yake ikionekana na kutajwa jina. Septemba 1939 kusikiliza vituo vya nje kulifanywa kosa la jinai, na wakati huo tayari kulikuwa na vijana nchini humo waliojua kwa vidole vyao kwamba koili ikibadilishwa, kituo kingine huingia.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, swali la moto lilikataliwa kabisa na kampuni moja maarufu ya Marekani. Heath, ya Benton Harbor katika jimbo la Michigan, ilinunua shehena ya vipuri vilivyobaki jeshini na mwaka 1947 ikatoa kifaa cha kupimia mawimbi ya umeme kwa dola 39.50, kikiwa vipande vipande. Mnunuzi alitakiwa kuchomea kila kiungo mwenyewe. Masanduku yake, yaliyoitwa Heathkit, yaliwafaa watu wazima na vijana wakubwa, na kitabu chake cha maelekezo kilisifika kwa kumwongoza mtu hatua moja baada ya nyingine bila kumwacha njiani. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alipohojiwa mwaka 1995, alieleza kwamba masanduku hayo yalimwonyesha utotoni kuwa vyombo vilivyomzunguka vilikuwa kazi ya binadamu, wala si vitu vya miujiza. Mwaka 1992 kampuni iliacha biashara hiyo. Redio iliyounganishwa kiwandani ilikuwa imekuwa ya bei nafuu kuliko vipuri vyake.

Kwa watoto wadogo, mlango ulifunguliwa na transista, iliyozaliwa Desemba 1947 katika maabara za Bell huko New Jersey. Haikuwa na kioo cha kuvunjika, haikupata moto kama vali, na betri ndogo iliitosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Philips ya Uholanzi ikatoa masanduku yake yenye ubao wa matundu. Mtoto aliweka juu ya ubao karatasi iliyochorwa saketi, akapenyeza kwenye tundu waya uliopinda mfano wa pini ya nywele, akauvisha springi, kisha akabana chini ya springi ile miguu ya transista na rezista. Springi ikishinikizwa, kiungo kinafunguka. Ikiachwa, kinakaza. Mchoro chini, vipande juu yake: macho ya mtoto yalijifunza kusoma ramani ya umeme huku mikono ikijenga.

Springi ilivuka bahari na huko ikapoteza karatasi yake. Masanduku yaliyouzwa katika maduka ya Radio Shack nchini Marekani miaka ya 1970 na 1980, yale yenye majaribio 150 au 160 ndani ya kasha moja, yalikuwa na vipande vilivyokwisha kupigiliwa mahali pake, kila mguu ukiishia kwenye springi yenye namba. Kitabu kilitoa orodha: waya kutoka 1 hadi 29, kutoka 29 hadi 45. Mtoto mtiifu angeweza kufuata namba hadi mwisho, king'ora kikalia, asijue kwa nini kimelia. Wengi walijifunza hata hivyo, kwa sababu springi inashawishi mtu kujaribu lisiloandikwa. Ila lawama ipo: namba zilichukua nafasi ya mchoro, na mchoro ndio lugha ya kazi. Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na mtu mmoja, Forrest Mims, ambaye kitabu chake cha mwaka 1983 cha kuanzia elektroniki, kilichoandikwa na kuchorwa chote kwa mkono na kuuzwa katika maduka hayohayo, kilipita nakala milioni moja.

Jibu zuri kuliko yote kwa macho lilikuwa limekwisha kutolewa Ujerumani. Katikati ya miaka ya 1960 Georg Greger alibuni vijisanduku vidogo vya plastiki, kila kimoja kikiwa na kipande kimoja cha elektroniki ndani na sumaku ubavuni. Juu yake, kwenye uso mweupe, ilichorwa alama ya kipande hicho kama inavyochorwa vitabuni. Vijisanduku viwili vikisogezwa, vinavutana na umeme unapita. Kampuni ya Braun iliuchukua mfumo huo, uitwao Lectron, mwaka 1967, na Dieter Rams na Jürgen Greubel wakausanifu kwa ule usafi wa umbo uliowapa jina duniani. Hapakuwa tena na tofauti kati ya mchoro na kitu chenyewe. Kilicholala mezani kilikuwa saketi na wakati huohuo kilikuwa picha ya saketi. Japani nako vijisanduku vya kupachika vilipendwa, na toleo la Gakken la mwaka 1976 lenye majaribio 150 lilikumbukwa kwa mapenzi kiasi kwamba mwaka 2002 lilitengenezwa upya kwa ajili ya waliokuwa watoto enzi hizo.

Kasoro yake ilikuwa bei. Uzuri wa Lectron ulibaki katika nyumba zilizoweza kuulipia.

Katika miaka ileile, Afrika Mashariki ilipata njia isiyohitaji sanduku kabisa. Huko Massachusetts kundi la walimu na wanasayansi lililofanya kazi chini ya mradi wa Elementary Science Study lilikuwa limetunga somo la betri na balbu. Mtoto hupewa jiwe moja la tochi, balbu moja na kipande kimoja cha waya. Anaambiwa: iwashe. Hakuna ubao, hakuna kishikizo cha balbu, hakuna mchoro. Taasisi iliyosimamia kazi hiyo ilishiriki pia, kuanzia katikati ya miaka ya 1960, katika mpango wa sayansi ya shule za msingi barani Afrika, ambao ulifika nchi kadhaa zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania. Walimu walihimizwa kufundisha kwa vitu vilivyo karibu: mchanga, mbegu, yule mdudu anayechimba kishimo mchangani kutega sisimizi. Kwa upande wa umeme wakati ulikuwa mwafaka. Nusu ya pili ya muongo huo kiwanda cha Matsushita kilianza kutengeneza betri na redio za National Dar es Salaam, na Nakuru kikaanza kiwanda cha betri za Eveready. Jiwe la tochi lilikuwa kwenye rafu ya duka la kijijini pamoja na chumvi na viberiti.

Somo hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Wengi, wakubwa kwa wadogo, hugusisha kitako cha balbu kwenye betri na waya kwenye ncha nyingine, kisha hushangaa giza linapobaki. Balbu ya tochi ina milango miwili: kitako chake cha chini, na ganda la chuma la ubavuni. Uzi unaong'aa ndani umefungwa ncha moja huku, nyingine kule. Lazima umeme uingie kwa mlango mmoja na kutoka kwa mwingine, ukirudi betrini. Filamu iliyotolewa mwaka 1997 na kituo cha astrofizikia cha Harvard na Smithsonian iliwaonyesha wahitimu wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Massachusetts, wakiwa bado wamevaa majoho ya mahafali, wakipewa betri, balbu na waya. Baadhi yao walishindwa. Walikuwa wamesoma milinganyo ya umeme kwa miaka, ila hawakuwahi kuombwa kuutafutia umeme njia kwa vidole.

Aliyekwenda Kenya kupima matunda ya mpango ule wa sayansi barani Afrika alikuwa Eleanor Duckworth, mwanafunzi wa mwanasaikolojia Jean Piaget wa Geneva. Hakutunga mtihani wa maandishi. Aliwaingiza watoto kwenye chumba chenye vitu vya aina nyingi na kuwaacha wafanye walichotaka, huku yeye na wenzake wakiandika walichokiona. Watoto waliopitia mpango walibuni kazi nyingi zaidi na zenye kina zaidi kuliko wenzao wa shule nyingine. Uamuzi huo wa kupima kwa kutazama mikono ulikuwa wa haki, na inasikitisha kwamba mitihani mingi iliyofuata ilirudi kwenye kumtaka mtoto achore balbu aliyoiona kitabuni tu.

Watoto wengine hawakusubiri mpango wowote. Huko Wimbe, Malawi, kabla ya kujenga mtambo wake wa upepo mwaka 2002, William Kamkwamba alikuwa akifungua redio mbovu pamoja na binamu yake ili kuona sehemu ipi inafanya nini. Kichomeo hawakuwa nacho. Walipasha waya mnene motoni na kuyeyushia risasi. Maelfu ya watoto wa ukanda huu, waliong'oa mota ya redio kaseti na kuifunga kwenye gari la waya, wanalijua darasa hilo.

Karne mpya ilileta vifungo vya kubana, vya aina ileile iliyo kwenye nguo za watoto wachanga. Snap Circuits, zilizotolewa na kampuni ya Elenco ya Illinois mwaka 2002, zina vipande vya plastiki vya rangi vinavyobanwa kwenye ubao wenye mistari, kila kipande kikiwa na alama yake juu. Mtoto wa darasa la tatu huwasha feni kwa dakika chache, na mchoro, uliopotea kwenye masanduku ya namba, umerudi. Miaka tisa baadaye Ayah Bdeir, mhandisi aliyekulia Beirut na kusoma MIT, alianzisha littleBits. Vipande vyake vinashikana kwa sumaku zilizopangwa hivi kwamba vikigeuzwa vibaya vinasukumana. Haiwezekani kukosea. Hapo ndipo penye mjadala wa kweli, na hoja za pande zote zina uzito: mtoto asiyeweza kukosea anasonga mbele haraka na kubuni mambo makubwa, lakini hakutani kamwe na saketi iliyokataa kuwaka, iliyowafundisha wenzake wa zamani kutafuta kosa.

Jibu la kufurahisha zaidi lilitoka jikoni. AnnMarie Thomas na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha St. Thomas, Minnesota, walitengeneza donge la unga lenye chumvi nyingi, linalopitisha umeme, na donge jingine la sukari, linalouzuia kwa kiasi kikubwa. Miguu ya taa inachomekwa kwenye madonge mawili ya chumvi yaliyounganishwa na betri, la sukari likiwa katikati, na taa inawaka. Madonge ya chumvi yakigusana, inazimika. Hicho ndicho mafundi hukiita shoti, na hapa mtoto wa chekechea anaifanya na kuiondoa kwa kufinya unga.

Mwaka 2016 Uingereza ilichagua kugawa badala ya kuuza. BBC na washirika wake walisambaza kompyuta ndogo ya micro:bit kwa wanafunzi wa mwaka wa saba, hadi milioni moja, bure. Ukingoni ina matundu makubwa yanayotosha vibanio vyenye meno. Ghana nako Charles Ofori Antipem na wenzake wa Dext Technology walibuni sanduku la sayansi lisilozidi ukubwa wa kitabu cha kiada, lenye nyaya, balbu, sumaku na rezista, kwa bei ya takriban dola 15. Walilipima kwa dawati la mwanafunzi, kwa sababu shule nyingi walizozilenga hazina chumba cha maabara.

Wakati huohuo kifaa cha zamani kabisa kinatoweka. Balbu ya tochi yenye uzi, ambayo mtoto aliweza kuitazama hadi ndani na kuona njia ya umeme kwa macho yake, imekuwa adimu madukani. Mahali pake imekaa taa ya LED. LED nyekundu inahitaji kama volti 1.8, na jiwe la tochi linatoa 1.5, kwa hiyo jaribio la betri moja na waya mmoja haliwezekani tena. Baadhi ya walimu wametumia betri bapa ya volti 3, umbo la sarafu, ambayo miguu ya LED huikumbatia pande mbili bila waya wowote. Ni rahisi mno, na ni hatari: betri hiyo mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili, na mwaka 2022 Marekani ilitunga sheria kuhusu vifaa vinavyoitumia. Kwa darasa la leo lililo salama, mwalimu anahitaji mawe mawili ya tochi yaliyopangwa mstari mmoja, rezista ya ohm 100, LED nyekundu na vipande vya waya. Mguu mrefu wa LED uelekee upande wa chanya. Ukielekezwa kwingine taa haiwaki, hata kama kila kiungo kimekaza, na mwalimu itabidi aamue kama atawaambia wanafunzi sababu au atawaachia waigeuze wenyewe.